Zamu ya Marehemu

Mwamini binti Pazi hakuhitaji kalenda. Alikuwa msusi wa mikeka pale Msimbu, na mumewe Matano alipokuwa kwa mke mdogo, Siwema, kijijini Janga, yeye alisuka ukili pima moja kwa siku, hakuzidisha wala hakupunguza. Pima ya saba ikitimia ni Ijumaa. Matano ataswali Janga, atapanda gari moshi stesheni ya Ruvu, atashuka Pugu, atatembea, na kabla ya isha atakuwa anavua viatu mlangoni. Wiki kwake, wiki kwa Siwema. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne.

Katika miaka hiyo minne watu walimsifu Mwamini kwa uvumilivu. Hakugombana na mtu, hakwenda kwa mganga, hakusema neno barazani. Alisuka tu. Lakini kila alipopinda ukindu alimwona Siwema akicheka, akamwona Matano naye akicheka, na ukili ukamtoka umekaza hata wanunuzi wakasema mikeka ya Mwamini haipitishi maji.

Mwaka ule wa 1944, mwishoni mwa mvua za masika, pima zikafika saba na Matano hakuja. Zikafika nane, zikafika tisa. Kila jioni Mwamini alisonga bada, ugali wa muhogo alioupenda mumewe, na kila asubuhi akawamwagia kuku. Jumapili alisema peke yake, ameinamia chungu:

"Na abaki huko huko. Asiyejua zamu yake asije tena."

Jumatatu adhuhuri wakamletea habari kwamba Matano amekufa.

Matano alikuwa mpasua mbao katika msitu wa upande wa Pugu. Kazi ile ni ya watu wawili: gogo hulazwa juu ya shimo, mmoja husimama juu ya gogo, mwingine huingia shimoni chini, na msumeno hupanda na kushuka kati yao. Wa juu alikuwa Mwinyimadi, mkazi wa Pugu. Wa chini alikuwa Matano. Mwinyimadi ndiye aliyetoa habari. Alisema alikwenda Dar es Salaam tangu Alhamisi kupeleka mbao, akarudi Jumatatu asubuhi, akamkuta mwenzake shimoni, gogo la mvule limemlalia. Shati lake lilikuwa limetundikwa mtini, kama mtu aliyeanza kazi. Kabari zinazozuia gogo lisiviringike zilikuwa zimetoka zote mbili.

Moja hutoka, watu walinong'ona. Mbili hutolewa.

Askari wa boma alikuja akatazama, akaruhusu maiti azikwe. Mwamini alisikia yote hayo kama mtu anayesikiliza mvua. Kilichomkaa kichwani ni neno lake mwenyewe la Jumapili, na nyuma ya neno lile, swali moja: siku tatu zile, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ambazo zilikuwa zake kwa haki, Matano alilala wapi? Jibu alidhani analijua. Jibu lilifika siku ya mazishi na kitoto cha mbuzi mkononi, limevimba macho, linaitwa Siwema.

Wifi yao, Mwanahalima, dada mkubwa wa marehemu, alikata shauri mbele ya wote. "Mume mmoja, kilio kimoja. Wake wote wawili watakaa eda hapa Msimbu, nyumba hii ya kaka yangu. Sitaki kupiga mbio Janga na huku kama kuku anayetaka kutaga."

Vita vilikuwa vimekula nguo. Kaniki ya msiba ilipatikana doti moja tu katika duka la Kisarawe, ikakatwa katikati. Mjane mmoja kipande, mjane mmoja kipande. Mwamini alipima kwa jicho akaona kipande cha Siwema kimezidi vidole viwili. Wakawekwa chumba kimoja, mlangoni kukatundikwa jamvi badala ya pazia, na miezi minne na siku kumi ikaanza kuhesabika.

Wazee husema marehemu hurudi kutazama nyumba yake Alhamisi, jua likielekea kuzama. Alhamisi ya tatu Siwema alikuwa amekaa akichambua mchele. Ungo ukamponyoka. Akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha mtu aliyemeza unga wa mbao miaka mingi, na sauti nzito ikamtoka:

"Salamu alaikum humu ndani."

Mwanahalima, aliyekuwa akikuna nazi, alianguka kifudifudi. "Kaka!"

"Maji," ilisema sauti. Wakampa maji. "Siwema wangu asilie. Zile siku tatu za mwisho nilikuwa naye Janga. Nilikuwa niondoke, miguu ikakataa. Nikamwibia mkubwa siku zake. Mwambieni anisamehe."

Kisha Siwema akalala kama aliyelewa.

Mwamini hakutilia shaka. Wivu haukumpa nafasi. Mtu amekufa, amevuka huko walikovuka wazee, amerudi njia yote ile, na anachokuja kusema ni kwamba aliibia zamu ya mke mkubwa, tena kwa raha. Alhamisi ya nne sauti ilikuja tena. Ya tano pia. Iliomba bada, na ni Mwamini aliyesonga. Iliuliza hali ya shamba la Janga, ikamsifu Siwema kwa upole wake. Majirani wakaanza kuja na mabusati yao. Katika Alhamisi tatu Matano hakumtaja Mwamini kwa jina hata mara moja.

Baada ya ile ya tano Mwamini alimwita Mwanahalima pembeni ya kitanda.

"Wifi, kaka yako alikuwa mtu wa haki?"

"Sana. Unamjua."

"Alipokuwa hai alikaa wiki kwangu na wiki kwa mwenzangu?"

"Alikaa."

"Basi nataka zamu yangu."

Mwanahalima alimtazama asielewe, kisha akaelewa. "Zamu ya marehemu?"

"Kama anaweza kutembea mpaka hapa, anaweza kutembea hatua tatu zaidi. Kitanda changu ni kile pale."

Shauri lile lilipelekwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akasema vitabu alivyosoma havina jambo hilo. Likapelekwa kwa jumbe, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mwanahalima akaamua mwenyewe: Alhamisi ijayo ni ya Mwamini, na Siwema akae nyuma ya nyumba, asiguse ungo.

Mwamini alijiandaa kama bibi arusi. Alioga, akafukiza ubani, akatandika mkeka mpya alioumaliza ndani ya eda. Akasonga bada na mchuzi wa kambare wa Ruvu, kambare aliyetafutwa siku mbili. Akakaa. Majirani wakakaa. Jua likashuka, adhana ya magharibi ikaadhiniwa, mchuzi ukaganda mafuta juu. Mwamini alikohoa mara moja, kikohozi chake mwenyewe, na wanawake wote wakamwinamia kwa matumaini.

"Koo tu," alisema.

Walipoondoka, Siwema aliingia na kipande chake cha kaniki begani. "Labda amechoka, mkubwa. Njia yake ni ya Janga. Ya huku pengine ameisahau."

Mwamini alichukua sahani akala kambare wote peke yake, mpaka miiba.

Kesho yake ilikuwa siku ya watani. Watani wa ukoo wa Matano ndio waliomwosha na kumchimbia kaburi, na kwa ada yao walikuwa na ruhusa ya kusema lolote katika msiba na kuchukua walichotaka katika vitu vya marehemu. Mkubwa wao aliitwa Mashaka, mtu mfupi mwenye sauti ya zumari. Alikaa barazani, mgongo ukiegemea jamvi la mlango.

"Hodi, wajane. Nimekuja kukagua nani kati yenu bado ana meno, nimpose."

"Eda haijaisha, mtani," alisema Mwamini kutoka ndani.

"Nitangoja. Nimengoja mihogo ya Matano miaka kumi, alikuwa hanipi hata majani. Tulipomwosha alikuwa mzito kwa uchoyo. Tulimgeuza watu wanne. Basi nikasema, hili shati lake zuri la mistari hili, bora niingie nalo mimi kuliko kuliachia mende. Linanifaa?"

"Linakufaa kama kanzu inavyomfaa mbuzi."

"Tazama basi." Mashaka akainua mkono juu, akajigeuza kama mtu anayecheza ngoma, na kwa upenyo wa jamvi Mwamini aliliona kwapa.

Alilijua kwapa lile. Shati lilikuwa limechanika hapo shibiri nzima, na wiki ya mwisho Matano alipomwomba amshonee, alimjibu, "Mpelekee mwenzangu, mikono yake bado laini." Sasa lilikuwa limeshonwa. Tena si kwa mkono. Kwa cherehani, mshono umenyooka kama njia ya reli, kwa uzi wa buluu.

Mwaka ule uzi mweupe ulikuwa hauonekani. Biubwa wa Pugu, aliyerithi cherehani ya baba yake fundi, alipata robota la uzi wa buluu kwa mtu wa bandarini, na kila aliyeshonewa kwake msimu ule, mtoto au mzee, alitembea na mishono ya buluu. Watu walitaniana kwa hilo Kisarawe nzima. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa na uzi ule. Na Biubwa alikuwa mke wa Mwinyimadi.

Mashaka alipokwisha kwenda, Mwamini alimsogelea Siwema, akaanza kama mtu anayezungumza kupoteza muda.

"Lile shati la mistari. Kwapa lilikuwa limechanika."

"Lilikuja limechanika kutoka kwako," Siwema akasema. "Nikasema, huyu mkubwa ananitumia kazi. Sikulishona. Ijumaa nikamwacha aende nalo vile vile, nikamwambia akakupe wewe."

"Ijumaa."

Mkono wa Siwema uliokuwa ukichezea kaniki ukasimama.

"Si alilala kwako mpaka Jumatatu?" Mwamini akauliza. "Amesema mwenyewe, kwa kinywa chako, mbele ya watu."

Siwema alikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Aliondoka Ijumaa, dada. Hata hakumaliza kula. Alijipaka mafuta ya nazi, akasema mkubwa ananingoja. Kuja kwangu hakuwahi kuwa na haraka ile hata siku moja. Basi alipokufa nikajua siku tatu za mwisho alikuwa hapa na wewe, na wewe utakaa miezi minne ukiniambia alikula nini, alisema nini. Nikaona bora ziwe zangu. Hata kwa uongo."

"Na sauti?"

"Ni yangu. Kikohozi nilikuwa nakijua."

Mwamini alimtazama. Kumbe si neno lake la Jumapili lililomwua Matano. Mzigo ule ulimtoka begani, asiweze kumwambia mtu. Kumbe hakuna roho iliyosahau njia ya kitanda chake. Matano alishuka Pugu Ijumaa, Mwinyimadi akiwa Dar es Salaam, akaingia nyumba ya cherehani na kulala huko, akavuliwa shati likashonwa. Kisha Mwinyimadi akarudi mapema kuliko alivyosema, na kabari mbili zikatolewa. Mambo yote yalikaa mahali pake, ukili na ukili, mpaka ukingo. Na juu ya yote kulikuwa na jambo jingine, dogo, tamu, ambalo Mwamini hakulitarajia. Msichana huyu, mwenye mikono laini, kwa karibu wiki sita alikuwa akimwonea wivu *yeye*. Katika miaka minne hakuna mtu aliyepata kumwonea wivu Mwamini.

Angeweza kumwambia, "Hakuja kwangu." Hakumwambia.

Siku ya tatu yake koplo wa polisi aliyeitwa Damiani alikuja kutoka Kisarawe na baiskeli. Alivua kofia, akakaa barazani, akasema na jamvi.

"Poleni na msiba, mama zangu. Nina swali moja tu, kisha sitawasumbua. Kuna mtu Pugu anasema alimwona Mwinyimadi akishuka gari moshi Jumapili jioni. Mwenyewe anasema ni Jumatatu. Shahidi mmoja hanitoshi. Lakini kama marehemu alikuwa Pugu siku zile, hapo nina la kumwuliza Mwinyimadi. Kama alikuwa kwake na wake zake, akaondoka alfajiri akaanza kazi peke yake na usingizi machoni, basi gogo ni gogo. Alilala wapi?"

"Kwangu aliondoka Ijumaa," alisema Siwema, chini chini.

"Kuelekea?"

"Huku."

Koplo akangoja. Mwamini alisikia kalamu yake ikigonga daftari. Alijua nini kitafuata akisema kweli. Mwinyimadi atakamatwa, na huko mahakamani watamwita Biubwa. Kesho yake kila kisima na kila ngoma kutoka Pugu mpaka Maneromango vitasema Matano alikufa kwa ajili ya Biubwa. Wataimba Matano na Biubwa. Wajukuu wataimba. Na katika wimbo ule wake wawili waliokataa kushona kwapa hawatatajwa ila kwa kuchekwa.

"Alikuwa kwangu," alisema Mwamini.

"Siku zote tatu?"

"Alifika Ijumaa baada ya magharibi. Alikuwa na homa, hakutoka nje. Nilimsongea bada. Jumapili ilimwachia, tukazungumza sana. Jumatatu alfajiri akaenda kazini, nikamkataza, hakusikia."

"Unaweza kuapa?"

"Naapa."

Nyuma yake Siwema alivuta pumzi kama mtu aliyechomwa mwiba, na pumzi ile, Mungu amsamehe, ilimburudisha Mwamini kuliko maji.

Mwanahalima aliuliza baadaye, "Mbona marehemu alisema alikuwa Janga?"

"Alimwonea huruma mdogo," Mwamini akajibu. Jambo likaisha. Siwema hakukohoa tena Alhamisi yoyote. Badala yake, jioni, aliuliza mwenyewe: homa ile ilikuwa ya kutetemeka? Jumapili mlizungumza nini? Na Mwamini alimsimulia kidogo kidogo, kama mtu anayegawa sukari ya vita, neno leo, neno kesho. Alimpa Matano maneno ambayo Matano hakupata kuyasema kwa miaka kumi na saba ya ndoa. Walipotoka eda, Siwema akarudi Janga amekonda.

Mwaka mmoja ukapita. Baada ya vuli habari ikaja kutoka Pugu: Biubwa amekufa. Aliteleza akichota maji, akaingia kisimani kichwa chini. Mumewe ndiye aliyemkuta.

Mwamini alikwenda maziko. Wanawake walilia uani, na ndani ya chumba aliiona cherehani imefunikwa kitambaa. Mwinyimadi alikuwa barazani akipokea pole. Alipomwona alisimama, akamfuata mpaka pembeni ya ua.

"Ahsante kwa kuja, shemeji. Sijasahau. Wote waliponisema, wewe peke yako uliwaeleza watu wa boma ukweli."

"Ukweli," alisema Mwamini.

"Mtu mwenye siri huishi na wasiwasi. Marehemu mke wangu aliishi na wasiwasi sana." Akamtazama usoni bila kupepesa. "Wewe unaonekana unalala vizuri."

Mwamini alitoka pale. Alijua kisima kile kimechimbwa na nani. Yeye, kwa kile kiapo chake, alishika jembe upande mmoja. Majuto yalikuja, na yangemkaa mpaka uzeeni, lakini hayakuwa ya kwanza kufika. La kwanza lilimpata pale pale njiani, mbele ya stesheni, likamfanya akae chini juu ya majani. Aliapa uongo ili Biubwa asimpate Matano hata kwa jina. Na sasa Biubwa amemfuata. Wako pamoja huko, wawili peke yao, na hakuna Ijumaa ya kumrudisha.

Hakurudi Msimbu. Alipanda gari moshi la kwenda Ruvu, akatembea mpaka Janga, akamkuta Siwema shambani akipalilia mpunga.

"Shikamoo, dada. Kuna nini?"

"Leo Alhamisi," alisema Mwamini. "Mwite."

"Nani?"

"Matano."

Siwema akaweka jembe chini. "Dada, si nilikwambia? Nilikuwa najikohoza tu."

"Jikohoze hivyo hivyo. Muulize huko aliko kuna zamu au hakuna."

"Kwani yuko na nani?"

Basi Mwamini akamwambia. Alimwambia habari ya kwapa na uzi wa buluu, na kwamba hakukuwa na homa, wala bada, wala mazungumzo ya Jumapili. Siku tatu zile hazikuwa za Janga wala za Msimbu. Alimwambia na habari ya kisima. Siwema alisikiliza amesimama katikati ya mpunga, na uso wake ulibadilika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa hofu. Ya pili Mwamini aliijua vizuri, maana aliibeba yeye mwenyewe miaka mitano.

"Alimshonea," alisema Siwema.

"Kwa cherehani."

Wakaenda nyumbani. Siwema alinawa mikono, akatandika jamvi, wakakaa wawili wakitazamana, jua likiwa limefika usawa wa mlango. Siwema akafumba macho, akakohoa mara mbili. Mwamini akauliza swali lake.

Wakangoja wote wawili, hata Siwema, kusikia atajibu nini.